Kiti cha Redio

Kazi yangu ni kupunguza uzito wa gari ambalo sitakiwi kulizungumzia. Nitalizungumzia kidogo tu, kiasi cha kueleweka. Ni gari dogo la deraya la askari wa miamvuli. Linafungwa juu ya jukwaa, linasukumwa nje ya ndege, miamvuli mikubwa inalishusha, na askari wanaruka nyuma yake kila mmoja na mwamvuli wake. Wakifika chini wanalitafuta, wanalifungua kamba, wanaingia, wanaondoka. Hivyo ndivyo tunavyowasimulia wageni wanaotembelea karakana yetu. Tusichowasimulia ni kwamba miaka yote hii tumekuwa tukigombana na chuma. Kikiwa kinene, walio ndani wako salama lakini ndege hailibebi gari. Kikiwa chembamba, ndege inalibeba vizuri sana, ila walio ndani wanakuwa wamekaa kwenye debe.

Kila Ijumaa mchana tunakutana mbele ya mizani. Kila mhandisi anakuja na kipande alichokipunguza wiki ile. Anapima cha zamani, anapima kipya, tofauti inasomwa kwa sauti na wenzake wanapiga makofi. Ambaye hakupunguza kitu anawachemshia wengine chai. Mimi ndiye mdogo kuliko wote pale, na ni mwanamke peke yangu, kwa hiyo niliapa mapema kwamba chai yangu hawatainywa kirahisi. Nilitoboa vishikizo vya chuma vipungue, nikabadilisha boliti, nikauliza kwa nini ngazi ya nyuma iwe na kipandio cha pili wakati askari wana miguu. Kuuliza ndiyo tabia yangu. Baba husema wenzangu walizaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza nani amewasha taa.

Siku moja niliuliza kuhusu sakafu. Bamba la sakafu lilikuwa nene kila mahali, kwa sababu chini ndiko kwenye hatari kubwa, mabomu yanayotegwa barabarani. Lakini kwenye kona ya nyuma kushoto hapakukaa mtu. Palikaa redio na betri zake. Kwa nini tuilinde redio kama tunavyomlinda mtu? Mkuu wangu alilipenda swali. Tukapiga hesabu, tukachora, wakubwa wakaridhia, bamba la kona ile likawa jembamba. Ijumaa ile makofi yalikuwa marefu na mimi nilikwenda nyumbani nikalala vizuri. Hapakuwa na uzembe. Kila mmoja wetu alijua kilichopunguzwa na kwa nini.

Kisha nikachukua likizo, nikaenda nyumbani Mbuba, wilayani Ngara, wakati wa kuvuna maharage.

Mdogo wangu naye alikuwa likizo. Yeye ni askari wa miamvuli, na hilo tulilijua wote. Mama alikuwa amekwisha kulia na kunyamaza kuhusu kuruka kwake. Mimi nyumbani nilikuwa nimesema natengeneza magari. Mama alielewa malori, nami sikumsahihisha. Kwa hiyo tulikuwa watoto wawili tulioapishwa kufunga mdomo, kila mmoja na kiapo chake, tukiwa tumesimama na fimbo pande mbili za turubai tukipura maharage. Baba alikaa pembeni akishona midomo ya magunia. Mama alikuwa akipepeta.

"Watu wanadhani kuruka ndiyo kazi," mdogo wangu alisema. "Kuruka ni kuanguka tu, ila kwa adabu. Kazi ni ukishafika chini, ulitafute gari kwenye majani."

"Gari gani?" nikauliza.

"Hakuna gari. Nani kasema gari?"

"Wewe."

"Basi nimekosea. Ni punda."

Mama akaacha kupepeta. "Jeshi lina punda?"

"Wapo, mama. Wanashuka kwa miamvuli. Wana mlango nyuma, na mshikio wa manjano."

Fimbo yangu ilibaki juu. Ule mshikio niliuchagulia rangi mimi, baada ya kubishana na watu watatu waliotaka wa kijani kama gari lote. Nilipiga tena maharage, mara mbili tatu, ili nisionekane nimeshtuka.

"Huyo punda," nilisema, "wewe unampanda sehemu gani?"

"Nyuma kushoto. Pazuri kuliko pote! Wenzangu wamebanana kama dagaa kwenye kopo, mimi nanyoosha miguu. Na mlango ukifunguka, wa kwanza kutoka ni mimi."

"Nyuma kushoto si kuna redio?"

"Ilikuwepo. Ilikuwa inachemka huko nyuma, na vumbi lote linaiingia. Tukaihamishia mbele, miguuni kwa kamanda. Pale tukaweka boksi na kipande cha godoro juu yake. Tunakiita kiti cha redio." Kisha naye akaacha kupura. "Wewe umejuaje kulikuwa na redio?"

"Nimebahatisha."

"Dada, wewe hujawahi kubahatisha. Wewe unauliza mpaka mtu anakiri asichofanya."

Baba alicheka na sindano yake mkononi. Mdogo wangu hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akageuka kumweleza mama kwamba mwezi ujao wangepelekwa nje kulinda amani, na punda wachache wa kwanza wangekwenda nao. Mama akauliza kama huko kuna baridi. Mimi nilikuwa natazama miguu yake. Alikuwa amevaa ndala, na maganda ya maharage yalikuwa yamemshika kwenye vidole.

Nilimpata peke yake jioni ile tulipokuwa tunaingiza magunia ndani.

"Usikae kwenye kile kiti," nilimwambia.

"Kipi?"

"Unakijua. Kaa popote pengine."

"Kwa nini?"

"Usiniulize."

"Wewe ndiye unayesema usiniulize? Leo mvua itanyesha ya mawe." Aliliweka gunia chini, akajifuta jasho, akanisoma uso. Nadhani alielewa nusu, na ile nusu ilimtosha. Tangu utotoni nikimwambia asiguse kitu, hagusi. Ananicheka, lakini hagusi. "Sawa," alisema. "Hakuna shida. Nina mtu wa kumpa."

Akatoa simu hapo hapo. Aliyempigia ni rafiki yake wa kikosi kimoja, kijana wa Kisukuma kutoka Runazi, Biharamulo, ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Naye alikuwa likizo kwao. Mdogo wangu aliweka sauti ya nje, kama kawaida yake, ili dunia nzima isikie.

"We mchunga ng'ombe! Nina zawadi yako."

"Zawadi ya mla ndizi? Lazima imeiva mpaka imeoza."

"Kiti cha redio. Nimekuachia. Si kila siku unalia magoti?"

"Acha utani."

"Kweli tupu."

"Ndugu yangu, hapo umenipa ng'ombe mzima. Mama! Mama, njoo usikie!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na gunia begani. Mtu mwenye gunia begani ana kisingizio cha kutosema kitu. Niliingia nalo ndani, nikalipanga juu ya mengine, nikalinyoosha mdomo ingawa baba alikuwa ameushona vizuri. Nilipotoka, simu ilikuwa imekwisha na mdogo wangu alikuwa anapiga mluzi.

Nililala vizuri usiku ule pia. Nimejaribu kukumbuka vinginevyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilihisi kama mtu aliyewahi basi.

Asubuhi ndipo hesabu ilipoanza kunirudia. Nilimenya ndizi na mama huku kichwani nikigombana na mkuu wangu. Nikimpigia na kumwambia kuna mtu anakaa juu ya lile bamba, ataniuliza nimejuaje. Nikimwambia nimejuaje, mdogo wangu amevunja kiapo mbele ya maharage ya mama, ataondolewa kwenye kikosi cha majaribio ya gari, labda zaidi ya hapo. Nisipompigia, gari linakwenda kwenye barabara zinazotegwa mabomu, na kwenye kona ile amekaa kijana ambaye simjui sura, anayeita mama yake aje asikie bahati yake. Siku zikapita hivyo. Kila siku nilipata sababu mpya ya kungoja kesho, na kila sababu ilikuwa nzuri. Nimesoma mpaka chuo kikuu. Sababu nzuri sizikosi.

Likizo zetu ziliisha pamoja. Mama wa yule rafiki alikuwa ametuma salamu kwamba mdogo wangu apite Runazi kula chakula cha mchana kabla wavulana hawajarudi kambini, na dada mtu aje pia, kwa kuwa njia ni moja. Ningekataaje? Nilikwenda.

Barabara ya kutoka Ngara kwenda Biharamulo inapita Kasulo, kisha inaingia msituni. Siku hizi dereva anaingia huku akiongea na simu. Nilipokuwa mtoto, hakuna basi lililoingia msitu ule peke yake. Mabasi yalisubiriana Kasulo mpaka yawe mengi, polisi wenye bunduki wakapanda la mbele na la nyuma, ndipo msafara unaondoka, kwa sababu ya majambazi waliokuwa wakitokea porini. Abiria wa huku kwetu walikuwa na maarifa yao ya viti. Walijua upande upi una vichaka vingi, kiti kipi kina bati zima ubavuni na kipi bati lake limetoboka kwa kutu. Baba alikuwa bingwa. Alipanda mapema kuliko wote, akachukua kile kiti cha watu watatu, akatukalisha mimi na mdogo wangu tumebanana upande wa njia ya katikati, na pale katikati ya kiti akasimamisha gunia la maharage. Nafasi ya dirishani aliiacha wazi. Aliamini maharage yanazuia risasi. Wengi waliamini. Ukipita Kasulo siku za msafara ungeona mabasi yamejaa magunia yaliyokaa kama abiria.

"Baba, dirishani atakaa nani?" nilimuuliza safari moja.

"Atakayekuja."

"Na yeye gunia lake liko wapi?"

"Kula karanga zako."

Akaja mama mmoja mwenye kilemba cha bluu. Alimshukuru sana baba kwa kumwachia dirisha, akasema yeye hutapika asipopata hewa. Baba akamwambia karibu. Msitu mzima nilimchungulia yule mama juu ya mdomo wa gunia, nikingoja. Hakuna aliyeturushia risasi. Alishuka Biharamulo akanipa ndizi mbivu.

Mwaka jana, tulipokuwa tunapima mabamba kwa risasi, nilimwomba fundi wa uwanja wa shabaha apige na gunia la maharage. Alidhani natania. Risasi ilipita kama vile gunia halikuwepo, na maharage yakamwagika polepole kutoka tundu la nyuma. Baba sijamwambia mpaka leo.

Mdogo wangu alikaa dirishani safari hii, akalala mdomo wazi mpaka tulipofika. Kutoka Biharamulo tulichukua pikipiki mbili hadi Runazi.

Yule rafiki alikuwa mrefu kuliko nilivyofikiri. Alikuja kutupokea njiani kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na kivuli chake kilitufikia kabla yake. Mama yake alikuwa mlangoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Mwadila," alitusalimu kwa Kisukuma, tukaitikia vibaya, akacheka. "Shikamoo, mama," nikasema ili kurekebisha.

"Marahaba. Huyu ndiye dada? Waliposema mhandisi wa magari nikajua litakuja jimama lenye mikono ya grisi. Kumbe katoto. Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Ng'ombe tunao," alisema mume wake kutoka kwenye kivuli cha ghala, bila kugeuka.

"Baba!" yule kijana akasema.

"Nimetaja ng'ombe tu. Mtu hawezi kutaja ng'ombe zake?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Tulikaa kwenye mkeka. Kuku, ugali wa muhogo, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mdogo wangu akiwa na wasikilizaji hawezi kunyamaza. Akawasimulia habari ya baba na gunia la maharage kwenye basi, na yule mama wa dirishani, akaniigiza mimi mtoto nikichungulia. Walicheka wote. Baba mtu akasema wao wangesimamisha ndama.

Kisha mama akanigeukia. Alikuwa ameshika paja la kuku, akaliweka upande wangu wa sinia.

"Huyu mwanangu tangu azaliwe hana pa kuweka miguu," alisema. "Kitanda kilimkataa. Dawati la shule lilimkataa, mwalimu akawa anamkalisha kwenye kizingiti. Huko jeshini kila akipiga simu ni magoti, magoti. Sasa ananiambia mdogo wako amemwachia kiti cha kunyoosha miguu, tena cha mtu wa kwanza kutoka. Mimi mambo ya jeshi siyajui, lakini kutoka wa kwanza nakuelewa." Alimgusa mdogo wangu begani. "Huyu kuku nimemchinja kwa ajili ya hicho kiti. Kula."

Kijana alikuwa amenyoosha miguu yake kupita ukingo wa mkeka, soksi moja imetoboka kidole. Niliumega ugali nikauzungusha mkononi. Niliuzungusha sana.

"Huyu hali," mama aliwaambia wengine. "Wasomi ugali wa muhogo unawashinda."

"Tumbo, mama. Safari."

"Basi kunywa maziwa." Nilikunywa kidogo nikashindwa.

Baada ya chakula wavulana walikwenda kumtazama ng'ombe aliyezaa. Niliwafuata. Tuliegemea miti ya zizi, watatu, na niliona kwamba nisiposema pale nitasema wapi. Kesho yake walikuwa wanarudi kambini.

"Chuma cha chini ya kiti cha redio ni chembamba," nilisema. "Kuliko pengine pote. Ni mimi niliyeuliza kwa nini kiwe kinene, kwa sababu palikuwa pa redio. Hapakuwa pa mtu."

Yule rafiki alianza kutabasamu, akidhani utani unaendelea. Mdogo wangu hakutabasamu.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua uliponiambia, pale kwenye turubai."

"Nilipompigia huyu ulikuwa umesimama mlangoni."

"Ndiyo."

"Na gunia begani."

"Ndiyo."

Ndama alikuwa ananyonya kwa fujo, akimpiga mama yake kwa kichwa. Rafiki alimtazama muda. "Kwa hiyo," alisema taratibu, "mimi ndiye yule mama wa kilemba." Kisha akaniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi: "Likilipuka chini yangu, miguu inabaki?"

"Sidhani."

"Yote miwili?"

"Sijui. Sitaki kukudanganya. Sijui."

Aliitikia kwa kichwa. Sikuwa nimewahi kumjibu mtu swali kuhusu gari letu akiwa na miguu yake mbele yangu. Karakanani tunasema mkaaji. Mkaaji namba fulani, uzito wake na vifaa. Hatujawahi kumchora na soksi.

"Nampigia mkuu wangu sasa hivi," nilisema. "Ataniuliza nani ameniambia."

Mdogo wangu aligeuka haraka. "Usipige. Tunarudi kesho, tunatoa boksi, hatakaa mtu. Mimi nitasimama kama askari wa lindo. Imekwisha."

"Na magari mengine?"

"Mengine sijui wamekaaje."

"Redio ilikuwa inachemka kwenu tu?"

Rafiki yake ndiye aliyejibu, bila kumtazama. "Wote wamehamisha. Sisi tuliiga kwa wenzetu."

"Wakijua nimeropoka naondolewa," mdogo wangu aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Unajua nimeisubiri nafasi hii muda gani? Ungeninyamazia siku moja tu zaidi. Mbona siku zote hizi umeweza?"

Lile swali nililistahili. Nilimtazama rafiki yake, nikitumaini atasema kitu, aseme piga au usipige, anitue. Alikuwa anakwaruza mti wa zizi kwa kucha. Baadaye niliona ingekuwa vibaya mno kumwachia hata kazi hiyo.

Mtandao Runazi unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya ghala, walinionyesha tulipofika. Nilipanda. Mkuu wangu alipokea akiwa na furaha, akauliza likizo ikoje.

"Kona ya nyuma kushoto kuna mtu anakaa," nilimwambia. "Redio wameihamishia mbele. Kwenye magari yote."

"Umesikia au una hakika?"

"Nina hakika."

"Nani kakuambia?"

"Aliyekuwa anakaa."

"Jina lake."

"Siwezi."

Nilisikia akivuta kiti. Ni mtu mwema na hakupenda alichokuwa anakwenda kusema. "Wewe si una mdogo wako huko? Wa miamvuli?"

Kutoka juu ya kichuguu nilimwona mdogo wangu zizini, amenipa mgongo, na nilijua kwamba kila nukta ninayonyamaza ninamtaja.

"Sawa," mkuu alisema. "Bamba litarudishwa kabla hawajaondoka. Uzito tutautafuta kwingine. Hayo mengine si yangu kuyaamua."

Bamba lilirudishwa kwenye magari yote. Ili ndege iendelee kulibeba gari tuliondoa ngazi ya nyuma na sanduku la vifaa, na redio tukaitengenezea mahali pake mbele, penye hewa, jambo ambalo tungelifanya mwanzoni kama mtu angewauliza askari. Mimi, muulizaji mkuu, sikuwauliza. Ijumaa ya kwanza niliyorudi nililiweka bamba nene juu ya mizani. Tofauti ikasomwa kwa sauti kama kawaida. Kisha nikaenda kuchemsha chai.

Mdogo wangu aliondolewa. Hawakumfunga, walimhamishia kwenye ghala la kambi nyingine, anagawa mablanketi. Wenzake wakaenda nje bila yeye. Tulikuwa hatusalimiani kwa shikamoo, mimi na yeye, tulikuwa tunaanza na matusi. Siku hizi akiwa nyumbani na mimi nikipiga, mama anampa simu kwa nguvu, naye anasema, "Shikamoo, dada." Nasema marahaba. Kisha anamrudishia mama simu.

Jambo moja nimelizungusha sana kichwani. Kama habari ya kiti kile ningeipata kwa askari yeyote nisiyemjua, ningempigia mkuu wangu dakika ile ile, maharage yakiwa bado mkononi. Kwa mgeni ningekuwa mwema mara moja. Nilichelewa kwa sababu ya mtu ninayempenda, na kuchelewa kwangu kulimweka mtoto wa mwenzangu pale pale nilipomtoa wa kwetu.

Wiki iliyopita ilinipigia namba nisiyoijua. Kwa nyuma nilisikia ng'ombe.

"Ni mimi mama wa Runazi. Namba yako mwanangu aliniachia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amepiga simu jana. Anasema huko ni vumbi tupu, lakini yuko mzima. Nikamuuliza habari za kiti chake. Anasema bado ni chake."

"Nashukuru kusikia, mama. Akikalie tu. Sasa ni kizuri."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema.

"Kwani mwanzo kilikuwaje?"

Mwanawe hakuwa amemwambia. Hakuna aliyemwambia. Ningeweza kusema kilikuwa kigumu, tumeweka godoro jipya. Angefurahi, na tungeulizana habari za mvua.

"Mwanzo chuma cha chini yake kilikuwa chembamba," nilisema. "Bomu lingekipita. Mdogo wangu alikuwa anakaa hapo, mimi nikamtoa, ndipo akampa mwanao. Sasa tumeweka kinene."

Ng'ombe mmoja alilia karibu sana na simu, akafukuzwa.

"Siku ile ulipokuja kwangu," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ndiyo maana hukula," alisema.